Mwenye Duka Naye Ana Kiti Barazani

Ndugu msomaji, hapana neno lisikiwalo mara nyingi katika vibaraza vya maduka yetu hapa Nyakato kama neno hili: "Haya ni mambo ya Serikali." Sukari ikipanda bei, ni Serikali. Mtoza ushuru akipita, ni Serikali. Mtaro ukiziba na maji ya mvua yakaingia dukani, ni Serikali. Nami huyasikia maneno hayo kila siku, maana nauza unga, mafuta, sabuni na vitu vingine vya nyumbani karibu na soko, na mwenye duka la rejareja ni sikio la mtaa mzima. Lakini hao hao wasemao hivyo, ukiwauliza mkutano wa mtaa hufanyika lini, hawajui. Ukiwauliza ushuru wanaoutoa ulipitishwa na nani, hawajui. Ukiwauliza jina la diwani wao, wengine hutazamana. Yaani twaijua Serikali kwa mkono wake upokeao, wala hatuijui kwa kikao chake kikatacho shauri.

Hilo ndilo nitakalo kulisema leo, na watu wa nyumbani walisome pamoja, wazee kwa vijana: ya kwamba mwenye biashara ndogo yampasa aingie katika shauri kabla halijakatwa, wala asingoje mpaka limekatwa ndipo alalamike. Ushuru kabla haujapitishwa ni rai, na rai hujibiwa kwa rai. Ukishapitishwa ni sheria, na sheria haiondolewi kwa manung'uniko ya kibarazani.

Kwa wasomaji wasiopajua, Nyakato ni kata ya Manispaa ya Ilemela, upande wa mashariki wa Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Pana viwanda, pana gereji na karakana, pana soko, na malori hupita usiku na mchana. Ilemela ilitengwa na Jiji la Mwanza mwaka 2012 ikawa na halmashauri yake. Watu wake wengi huishi kwa biashara ndogo: mwenye genge la nyanya, fundi wa kuchomelea milango, mshona nguo, mama lishe, muuza dagaa, muuza mitumba, kijana wa bodaboda. Hakuna katika hao awezaye kuipita siku moja bila kuguswa na jambo lililoamuliwa na baraza fulani: njia ya kupita mzigo, taka, maji, taa, leseni, mahali pa kupanga meza.

Wako wadhanio kwamba mchuuzi na mambo ya utawala ni vitu viwili visivyokutana, na kwamba siasa ni kazi ya wasomi na matajiri. Anayedhani hivyo hajaisoma tarikhi ya mji huu wa Mwanza. Katika miaka ya 1940 wenye maduka Waafrika wa hapa walikuwa wachache na mitaji yao ilikuwa midogo. Biashara kubwa, na hasa biashara ya pamba, ilikuwa mikononi mwa wengine. Wakaunda chama chao cha ushirika, Mwanza African Traders Co-operative Society, na mwaka 1947 akaingia kazini katika chama hicho kijana mmoja aliyekuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, jina lake Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925. Siku hizo wakulima wa Usukuma walikuwa wakilia kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi wa pamba. Na mwenye duka ajua vyema: mkulima akipunjwa mizani, fedha haiji dukani. Basi shauri la wakulima likawa shauri la wenye maduka pia. Wakatafutwa watu wa kusimama penye mizani kwa niaba ya wakulima, wajuao kusoma ratili. Kisha kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vingi vya ushirika vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Bomani akiwa meneja wake mkuu.

Tazama sasa njia ilivyokwenda. Mwaka 1954 Bomani aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mwaka 1960 akawa waziri, na tangu mwaka 1962 hata 1965 akashika Wizara ya Fedha. Mtu aliyeanza kwa kushika daftari za wenye maduka madogo wa Mwanza akaja kushika daftari ya nchi nzima. Tena tusisahau ya kwamba tangu mwaka 1954 mpaka 1958 chama cha TANU kilizuiliwa kufanya kazi zake Usukumani. Katika miaka hiyo minne, mikutano ya ushirika ndiyo iliyowafundisha watu wengi wa pande hizi namna ya kuchagua mwenyekiti, kuandika muhtasari, kuuliza hesabu na kusema mbele za watu bila ya woga. Uhuru ulipofika mwaka 1961, wengi hawakuwa wageni wa baraza.

Lakini tarikhi hiyo ina upande wa pili, nao haufai kufichwa. Chama kile kikubwa kilipokua, wanachama wa chini wakawa mbali na hesabu zake. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika, na makosa ya uendeshaji yakadhihirika katika vyama vingi. Kile cha Victoria kikaondolewa, na mahali pake pakashikwa na Nyanza Co-operative Union. Mabaraza ya wilaya na miji nayo yalifutwa kuanzia mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika vikafutwa mwaka 1976. Ikawa kwa muda mwananchi wa kawaida hana mlango wa karibu wa kubisha. Mabaraza ya miji yalirudi mwaka 1978, na sheria za Serikali za Mitaa tulizo nazo zilitungwa mwaka 1982. Kwa hiyo twajifunza mambo mawili. La kwanza, mchuuzi aweza kuifikia Serikali akijiunga na wenziwe. La pili, mlango uliofunguliwa usipotumiwa na usipolindwa, hufungwa tena.

Sasa nitaeleza jambo dogo nililoliona mimi mwenyewe, maana mifano ya wakubwa huweza kumfanya msomaji aseme, "Mimi si Bomani."

Miaka kadhaa iliyopita ulitangazwa mkutano wa mtaa wetu. Shauri lenyewe lilikuwa mahali pa kuweka kizimba cha taka. Mkutano ulikuwa asubuhi ya Jumamosi saa nne, saa ambayo kila mwenye duka yu nyuma ya mizani yake. Nilikwenda. Katika watu waliohudhuria, wenye biashara tulikuwa wawili tu: mimi na jirani yangu mmoja, mama mshona nguo. Ikapendekezwa kizimba kiwekwe kando ya njia ambayo akina mama lishe hupika na wauza samaki hupanga meza zao. Tulisimama sote wawili tukaeleza kwamba mahali pale ni pa chakula, na kwamba watu waliopo pale wanaishi kwa siku. Mwenyekiti alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema neno ambalo mpaka leo sijapata jibu lake: "Mzee wangu, mimi naandika rai za waliokuja. Waliobaki dukani nitawaandikaje?" Mikono ikainuliwa, nasi tukashindwa.

Kizimba kikawekwa. Masika yakaingia. Harufu na nzi vikawafikia wateja kabla ya wali. Mama mmoja aliyekuwa akipika pale kwa miaka mingi, ambaye kwa sufuria zake alikuwa akimsomesha binti yake sekondari, aliona wateja wakipungua juma baada ya juma. Akauza benchi zake, akarudi kwao Magu. Hakumgombeza mtu. Na ukitazama, hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Shauri lake lilikatwa mbele ya watu ambao riziki yao haikuwa pale. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo, nasi tuliliona likitimia mbele ya macho yetu.

Baada ya hapo tukakutana kibarazani kwangu baada ya sala ya magharibi, Waislamu na Wakristo, wapata kumi na saba. Tukatazama kwanza sababu ya kutokwenda mikutanoni. Haikuwa uvivu. Mwenye genge akiliacha saa mbili amepoteza chakula cha jioni. Basi tukakata shauri la zamu: kila mkutano wende watu wanne au watano, na wanaobaki wawauzie wenzao, kila kiuzwacho kiandikwe katika daftari na fedha ikabidhiwe siku ile ile. Jambo hili laonekana jepesi likisemwa, lakini zito katika kutendwa, maana kumwachia mwenzio kisanduku cha fedha kwahitaji uaminifu. Wiki za kwanza mizani ilitazamwa kwa macho makali. Baadaye watu wakazoeana.

Mkutano uliofuata tulikuwa kumi na mmoja. Hatukwenda kupiga kelele. Tulikwenda na karatasi moja iliyoandikwa vizuri, yenye majina na sahihi za watu arobaini na wawili, na ndani yake mambo matatu: shida ni ipi, mahali pengine panapofaa ni wapi, na sisi wenyewe tutatoa nini. Tuliahidi kuchimba na kubeba kwa mikono yetu. Hilo la tatu ndilo lililowageuza watu, maana aombaye na huku ameinua jembe hasikilizwi sawa na aombaye akiwa amefunga mikono. Shauri likapelekwa mbele kwenye kata, na baada ya miezi minne kizimba kikahamishwa. Yule mama wa Magu hakurudi. Lakini waliobaki wanapika mpaka leo.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza na kujifunza njia za shauri katika nchi yetu, na haya machache nayaandika ili yamfae mwingine.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 21, yampa kila raia haki ya kushiriki katika mambo ya utawala wa nchi yake, na ibara za 145 na 146 zaeleza kwamba makusudio ya Serikali za Mitaa ni kuwapelekea wananchi madaraka. Kwa hiyo mwenye genge aendapo mkutanoni haendi kuomba hisani, aenda kutumia haki yake. Mlango wa kwanza ni mkutano wa mtaa, ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema. Pana kamati ya mtaa yenye mwenyekiti na wajumbe, na baadhi ya nafasi zimewekwa kwa wanawake. Mlango wa pili ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Mlango wa tatu ni Baraza la Madiwani lenyewe. Watu wengi hawajui kwamba vikao vya baraza hilo ni vya wazi, na mwananchi aweza kuketi akasikiliza, ijapokuwa hawezi kusema. Kusikiliza nako ni elimu, maana utamjua diwani asemaye na diwani asinziaye.

Jambo jingine ni wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Anayepeleka ombi la mtaro mwezi wa Juni amechelewa, kwa kuwa bajeti imekwisha fungwa. Rai za mitaa hukusanywa miezi mingi kabla, kwa utaratibu uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao wananchi huulizwa waseme wana nini, wanakosa nini, na litangulie lipi. Mwenye biashara anayejua kwamba mzigo wa krismasi au wa Idi huagizwa mapema asione ajabu kwamba bajeti nayo huagizwa mapema.

Tena ziko sheria ndogo. Hizo ndizo zitozazo ushuru wa soko, ada za taka na faini nyinginezo. Halmashauri haiwezi kuzitunga kwa siri: sheria yaitaka iwatangazie wakazi kusudi lake, ipokee pingamizi zao, kisha Waziri ahusikaye na Serikali za Mitaa aidhinishe. Aghalabu tangazo hubandikwa ubaoni, na ubao hausomwi. Laiti katika kila safu ya maduka angalikuwako mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupita mara moja kwa juma kwenye ubao wa kata na wa halmashauri, akarudi na habari! Kijana wa kidato cha nne aweza kuifanya kazi hiyo, na aifanyapo atakuwa amewalipa wazazi wake sehemu ya ada waliyomtolea.

Yako na mambo ambayo Serikali yenyewe humtafuta mwenye biashara ndogo. Tangu mwaka 2018 sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake utengenezwe, ikaanza tena mwaka 2024. Nayo haina riba, jambo ambalo katika nyumba zetu lina uzito wake. Vile vile sheria ya ununuzi wa umma yatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za Serikali kwa makundi maalumu, kama vile vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, na zabuni hupitia mfumo wa mtandao uitwao NeST ulioanza mwaka 2023. Mshona nguo aweza kushona sare, seremala aweza kuunda madawati, ikiwa kikundi chao kimeandikishwa na hesabu zao ziko wazi. Huko nako ni kuingia katika mambo ya Serikali.

Juu ya hayo kuna mabaraza ya biashara. Baraza la Taifa la Biashara liliundwa mwaka 2001, na chini yake yako mabaraza ya mikoa, ambayo Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti, na ya wilaya, ambayo Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti. Humo hukaa watumishi wa Serikali na wafanya biashara pamoja. Lakini mtu mmoja mmoja hawezi kuketi humo. Hukaa wajumbe wa vyama. Kwa hiyo mchuuzi asiye na chama hana wa kumsemea, hata awe na hoja ya dhahabu. Vyama vipo: Chemba ya wafanya biashara, wenye viwanda na wakulima, iitwayo TCCIA, iliundwa mwaka 1988, na wamachinga wana umoja wao, SHIUMA, ambao hapa Mwanza wajulikana sana. Wazee wetu wa miaka ya 1940 walikwisha kutuonyesha ya kwamba kwanza ni chama, kisha ni baraza.

Huenda msomaji akauliza, "Je, si bora kufunga maduka mpaka tusikilizwe?" Mwezi wa Mei 2023 na tena mwezi wa Juni 2024 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa ajili ya mambo ya kodi, na mara hiyo ya pili mgomo ulienea mpaka miji mingine, na Mwanza ikiwamo. Mwaka huo huo wa 2024 Rais aliunda tume ya kutazama mambo ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Sisemi kwamba kufunga duka hakukusikiwa. Nasema kwamba kufunga duka ni dawa ya mgonjwa aliyekwisha zidiwa, na aumiaye kwanza ni yule mwenye mtaji wa siku moja. Tena mgomo waweza kusema "hatutaki," lakini hauwezi kuandika kifungu cha sheria. Mwishowe lazima watu waketi mezani, na atakayefaa mezani ni yule aliyezoea vikao.

Wako pia wasemao, "Kura haina faida." Neno hili si la kudharauliwa. Katika uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 24 Novemba 2019, na tena wa tarehe 27 Novemba 2024, karibu viti vyote vilichukuliwa na chama kimoja, na vyama vingine vililalamika sana juu ya wagombea wao kuenguliwa. Sheria yetu haimruhusu mtu kugombea bila kupitia chama cha siasa. Na baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 na machafuko yaliyofuata, nyumba nyingi zimebaki na majonzi, na vijana wengi wamekata tamaa au wameingiwa na hofu. Siwezi kumwambia mzazi aliyefiwa kwamba mkutano wa mtaa watosha. Lakini namwambia jirani yangu mwenye genge kwamba kizimba cha taka, mtaro, ada ya soko na mahali pa meza yake vitaamuliwa mwaka huu, awepo asiwepo. Mkutano wa mtaa si wa chama cho chote, ni wa wakazi. Na mlango ulio mdogo ukiachwa, mlango mkubwa hautafunguka wenyewe.

Tena liko jambo moja linalowapoteza wengi. Kwa uchaguzi wa mtaa, wakazi huandikishwa katika orodha yake mbali, wala kadi ya mpiga kura ya uchaguzi mkuu haitoshi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa wa siku kumi tu, tangu tarehe 11 mpaka 20 Oktoba. Nilimwona mtu mwenye duka kubwa akirudishwa siku ya kura kwa kuwa jina lake halimo. Uchaguzi huu hufanywa kila baada ya miaka mitano. Basi mwenye kuweka kalenda dukani na aiandike siku hiyo ya uandikishaji itakapotangazwa, kama aandikavyo siku ya kulipa deni.

Yule jirani yangu mshona nguo alitaka kuingia katika kamati ya mtaa mwaka 2024. Alichukua fomu katika chama chake, akashindwa katika kura za humo chamani. Nilidhani atasusa. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza mkutanoni, na miwani yake na daftari yake. Nikamwuliza, "Mama, hukuvunjika moyo?" Akajibu, "Shekhe, mimi nikikosa mteja mmoja sifungi cherehani." Na mwanamke kushika jambo la soko si la ajabu katika umma wetu. Katika vitabu vya tarikhi imesimuliwa ya kwamba Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alimpa Bibi Shifa binti Abdallah usimamizi wa baadhi ya mambo ya soko la Madina. Na katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako mtu aitwaye muhtasib, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama mizani, usafi na haki ya muuzaji na mnunuzi. Basi akina baba wasiwazuie wake zao na binti zao kwenda mkutanoni, maana wao ndio wajuao zaidi ni wapi maji yanakwama na ni wapi taka zinaoza.

Lakini yule atakayeingia na ajue anaingia kwa ajili ya nani. Mwenye duka akipata ujumbe wa kamati kisha akautumia kujipatia kibanda cha pembeni, amewapunja wenziwe kama apunjaye ratili, na pengine zaidi, maana aliyepunjwa sukari hukosa kikombe kimoja, na aliyepunjwa shauri hukosa riziki ya mwaka. Ujumbe ni amana. Apewaye na arudi kwa wenziwe aseme: tulisema hivi, tukajibiwa hivi, fedha ni kiasi hiki. Hesabu zisomwe hadharani, na asomaye asikasirike akiulizwa. Vyama vya wazee wetu havikuangushwa na adui wa nje peke yake. Vilianguka pia siku wanachama walipoacha kuuliza.

Nawe mwenye biashara, usingoje mpaka uwe tajiri, wala usingoje mwaka wa uchaguzi. Juma hili uliza siku ya mkutano wa mtaa wako. Tafuta wenzako wanne, pangeni zamu ya kuangaliana maduka. Andikeni jambo moja tu, lililo dogo na la kweli, mpeleke kwa maandishi na nakala mbaki nayo. Wapelekeni vijana wakaone jinsi shauri linavyokatwa, ili siku yao ikifika wasiwe wageni. Mwenyezi Mungu atie baraka katika riziki zetu, na atujaalie kuwa watu wa haki katika mizani yetu na katika mabaraza yetu. Amin.